Westigeti kwenye tabo ya kisasa: Dawa ya lori au mzigo mpya kwa mkulima?

MKULIMA wa nyanya wa Ilula, mkoani Iringa, anaweza kuishi maisha yake yote bila kukanyaga duka la spea la Mtaa wa Shaurimoyo jijini Dar es Salaam. Hata hivyo, yanayoamuliwa pale kaunta kati ya mwenye lori, fundi wake na muuza spea yanamfikia shambani. Yanamfikia kwa njia ya nauli ya tenga, kwa njia ya lori lililochelewa, na siku ikiwa mbaya zaidi, kwa njia ya mzigo ulioozea njiani kabla ya kuliona soko.

Moja ya maamuzi hayo linahusu tabo, kile chombo kinachoisukumia injini ya dizeli hewa ya ziada. Mwenye lori anaona gari limepungua nguvu mlimani au linatoa moshi mweusi. Wakati mwingine tabo inapiga mluzi usio wa kawaida na taa ya injini inawaka. Tabo mpya ni ghali, na ya mtumba haina uhakika. Hapo ndipo linapotolewa wazo la kukata manifodi ya egzosi, kuchomelea kilango cha pembeni kinachoitwa westigeti, na kuiacha tabo ipumue.

Wazo hilo si la kijinga, na nje ya nchi lina watu wake. Lakini kwa lori linalobeba mazao kutoka nyanda za juu kwenda Dar es Salaam, lina hesabu ambayo wengi hawaifanyi hadi fedha imeshatoka.

Malori yamebadilika, mazoea bado

Jina Kariakoo lenyewe linatokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, waliopiga kambi eneo hilo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Biashara ya hapo tangu awali ni ya kubeba mizigo, ila sasa wapagazi ni malori. Soko Kuu lililochorwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, pamoja na maduka ya mitaa yote inayolizunguka, liliwategemea madereva wa masafa marefu kama lilivyowategemea wachuuzi.

Kwa miaka mingi malori hayo yalikuwa ya kueleweka. Fuso nyingi za zamani zenye injini za 6D16 na 6D17 hazikuwa na tabo kabisa. Scania 113 za miaka ya 1980 na 1990 zilikuwa na tabo, lakini ya kawaida: gurudumu moja linasukumwa na moshi wa egzosi, jingine upande wa pili linavuta hewa na kuishindilia ndani ya injini. Fundi aliyeijua pampu ya dizeli na aliyeweza kusikiliza injini kwa sikio alitosha.

Mambo yalibadilika Japani na Ulaya zilipobana sheria za moshi. Oktoba 2003, Jiji la Tokyo na mikoa jirani lilipiga marufuku malori ya dizeli yasiyokidhi kiwango cha masizi. Japani ikaongeza masharti mwaka 2005 na tena mwaka 2009. Ulaya nayo ikapanda ngazi hadi Euro 6, iliyoanza kuyabana malori yote mapya mwanzoni mwa mwaka 2014. Watengenezaji wakalazimika kuipa injini akili zaidi: kompyuta, sensa, mfumo wa kurudisha sehemu ya moshi ndani ya injini, na tabo zenye mabawa yanayojifungua na kujifunga.

Nchi inayonunua magari yaliyotumika hupokea teknolojia hiyo miaka kadhaa baadaye, ikiwa imeshachoka kidogo. Baadhi ya Canter, Isuzu Elf na Hino Dutro za kuanzia miaka ya 2000, na baadhi ya Scania za Euro 5 na Euro 6, zinakuja na tabo za namna hiyo. Gari ni jipya kwa fundi wa hapa, lakini ugonjwa wake ni wa uzee.

Mabawa yanafanya nini

Tabo ya kawaida ina udhaifu mmoja. Injini ikizunguka taratibu, moshi ni kidogo na tabo inachelewa kuamka. Injini ikizunguka kwa kasi, moshi ni mwingi na tabo inaweza kuzidisha hewa hadi kuumiza injini au kujivunja yenyewe. Westigeti ilibuniwa kutatua tatizo hilo la pili. Ni kilango chenye springi kinachofunguka hewa ikifikia kiwango kilichowekwa, kikaruhusu sehemu ya moshi kupita pembeni bila kuligusa gurudumu la tabo.

Tabo ya mabawa inatatua matatizo yote mawili kwa njia nyingine. Kuzunguka gurudumu la moshi kuna vibawa vidogo, au katika baadhi ya miundo pete inayoteleza. Injini ikiwa taratibu vinabana njia, moshi unapita kwa kasi kama maji kwenye mpira uliobanwa kwa kidole, na tabo inaamka mapema. Injini ikishika kasi vinafunguka na mkandamizo unapungua. Kwa sababu hiyo, tabo za mabawa za malori kwa kawaida hutoka kiwandani bila westigeti. Kazi ya kilango imeshafanywa na mabawa.

Swali la kwanza ambalo mwenye lori anapaswa kujiuliza, basi, ni hili: kama kiwanda hakikuona haja ya kilango, nini kimetokea hadi leo kihitajike?

Wanaokihitaji kweli

Kuna kundi moja lenye jibu la haki. Nchini Marekani, pikapu za Dodge Ram zenye injini ya Cummins ya lita 6.7, zilizoanza kuuzwa mwaka 2007, zina tabo ya mabawa ya Holset. Baadhi ya wamiliki huongeza dizeli kwa kubadili programu ya kompyuta au kufunga nozeli kubwa, ili wavute matrela mazito au washindane. Dizeli ikiongezeka, moshi unaongezeka. Inafika mahali mabawa yamefunguka hadi mwisho lakini njia bado ni nyembamba kwa moshi wote huo. Tabo inazunguka kupita kiasi chake, na moshi unarudi nyuma kuikaba injini.

Hapo westigeti ina maana, kwani ziada ya moshi inapitishwa pembeni, tabo inapona na joto linapungua. Lakini hata hao hufanya kazi hiyo kwa vipimo. Wanafunga geji ya mkandamizo upande wa hewa na nyingine upande wa egzosi, kisha geji ya joto. Springi inachaguliwa ifunguke juu kidogo ya kiwango cha hewa ambacho kompyuta inakiomba. Kwa mfano, kama kompyuta inaomba baa 2, kilango hakifunguki kabla ya hapo. Kinakaa kama mlinzi wa akiba.

Kikifunguka mapema, vita vinaanza. Kompyuta inaona hewa haitoshi na kuyaamuru mabawa yabane zaidi. Mabawa yakibana, moshi unazidi kukimbilia kwenye kilango. Injini inakabwa huku hewa haiongezeki, dizeli inaungua vibaya na moshi mweusi unatoka. Mwenye lori amelipia dawa na kununua ugonjwa wa pili.

Mara nyingi mgonjwa ni masizi

Lori la kawaida la mazao halikuongezewa dizeli. Linatembea na programu yake ya kiwandani. Kama tabo yake inazidisha hewa au inaikosa, chanzo mara nyingi kiko karibu zaidi.

Masizi yakiganda kwenye vibawa, vinanata. Vikinata vikiwa vimefunga, hewa inazidi na tabo inalia. Vikinata vikiwa wazi, gari linakosa nguvu hadi injini izunguke sana. Masizi hayo yana sababu: nozeli zinazovuja, filta ya hewa iliyoziba kwa vumbi la barabara za vijijini, mpira wa hewa uliopasuka, au mfumo wa kurudisha moshi uliokwama. Injini iliyoachwa ikiunguruma kwa saa nyingi bila mzigo, kama ilivyo kawaida kwenye foleni za kushusha, nayo huongeza masizi.

Kisha kuna oili. Shafti ya tabo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ikiwa imeshikiliwa na utando mwembamba wa oili. Oili iliyochakaa au isiyo ya daraja linalotakiwa huanza kwa kuharibu bearingi, kisha shafti inalegea, na mwisho majani ya gurudumu yanasugua nyumba yake. Westigeti haitibu hata moja kati ya hayo.

Dizeli yenyewe ina hesabu yake. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kushusha kiwango cha salfa hadi sehemu 50 kwa milioni kuanzia mwaka 2015, na hilo lilizipunguzia injini za kisasa adha kubwa. Lakini dizeli ya madumu kando ya barabara, iliyochanganywa na mafuta ya taa au maji, haijui makubaliano hayo. Senti zinazookolewa kwenye dumu zinalipwa kwenye nozeli, na deni la nozeli linahamia kwenye tabo.

Mara nyingi, basi, tiba ya kwanza ni kuisomesha kompyuta ya gari kwa mashine, kukagua mipira yote ya hewa, kisha kufungua tabo, kusafisha mabawa na kupima kama mkono wake unatembea kutoka mwanzo hadi mwisho. Ni kazi ya kutwa au siku mbili. Manifodi haikatwi, na kosa likitokea linarudishika.

Kitonga haitaki kubahatisha

Hoja nzito kuliko zote haiko gereji bali barabarani.

Tabo ya mabawa si ya kuongeza nguvu tu. Katika malori mengi yaliyofungwa chombo hicho, mabawa hujifunga dereva anapoondoa mguu kwenye mafuta, moshi unabanwa na injini inapunguza mwendo wa gari. Katika injini hiyo ya Cummins ya lita 6.7 iliyotajwa juu, tabo ndiyo breki yenyewe ya egzosi. Ukichomelea kilango kinachofunguka mkandamizo unapopanda, au fundi akiyafunga mabawa kwa waya yabaki wazi ili "yasisumbue", breki hiyo inapungua au inatoweka.

Tazama sasa ramani. Ilula iko juu ya mlima Kitonga. Nyanya zinapopakiwa kwenda Dar es Salaam, lori linateremka Kitonga likiwa limejaa hadi Ruaha Mbuyuni. Mboga za Lushoto nazo zinateremka na kona za Soni hadi Mombo. Mzigo wa mkulima karibu wote unatoka juu kwenda chini. Kinachohitajika pale si nguvu ya kupanda bali uwezo wa kuzuia. Lori lisilo na breki ya injini linategemea breki za magurudumu peke yake, na ngoma za breki zikichemka, pedali inakuwa pambo.

Nguvu inahitajika safari ya kurudi, lori linapopanda na saruji, mbolea, sabuni na bidhaa za Kariakoo. Hapo kuna jambo jingine la kuzingatia. Mji wa Iringa uko zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya saba kuliko ya Dar es Salaam. Tabo hulazimika kuzunguka zaidi ili ilete hewa ileile. Gari lililorekebishwa na kujaribiwa kwa kuzungushwa Msimbazi na kurudi Gerezani halijajaribiwa. Litajaribiwa Kitonga, usiku, likiwa na mzigo wa watu.

Nguvu ya ziada ya kubebea nini?

Wapo wanaoona westigeti kama hatua ya kwanza ya kuongeza dizeli, ili lori libebe zaidi. Hapa sheria imeshajibu. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika Tanzania mwaka 2019, imeweka ukomo wa tani 56 kwa gari kubwa kuliko yote, pamoja na ukomo wa kila ekseli. Mizani ya Vigwaza, Mikese na Wenda haiulizi injini ina nguvu kiasi gani. Inauliza uzito.

Mwenye lori anayetumia fedha kuongeza nguvu ambazo mizani haitamruhusu kuzitumia ananunua kasi ya kupanda mlima tu. Dakika chache anazookoa Kitonga anaweza kuzipoteza zote kwenye foleni ya kuingia jijini.

Gharama inavyoshuka hadi shambani

Chukua mfano. Lori linatumia lita 35 kwa kilomita 100, na safari ya Iringa hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 500. Hiyo ni lita 175 kwa njia moja. Tabo iliyofanyiwa kazi vibaya ikiongeza matumizi kwa sehemu moja ya kumi tu, ni lita 17 na nusu. Kwa safari nane za kwenda na kurudi kwa mwezi, ni lita 280 zilizopotea hewani. Zizidishe kwa bei elekezi ya EWURA ya mwezi husika, kisha linganisha na gharama ya kusafisha tabo. Hesabu hiyo haihitaji msomi.

Mwenye lori hawezi kuibeba hasara hiyo peke yake kwa muda mrefu. Ataiweka kwenye nauli. Mchuuzi anayenunua shambani naye hawezi kupandisha bei Ilala au Mabibo kwa hiari yake, kwa kuwa bei ya huko inapangwa na wingi wa mzigo ulioingia asubuhi hiyo. Anachoweza ni kushusha bei ya tenga shambani. Aliye mwisho wa mnyororo, asiye na mwingine wa kumsukumia, ni mkulima.

Lori likiharibika njiani ni mbaya zaidi. Spea inaweza kusubiri wiki, lakini nyanya iliyoiva haisubiri siku tatu kwenye jua. Mchuuzi mdogo aliyeweka mtaji wote kwenye matenga hayo anaanza upya, mara nyingi kwa mkopo.

Kabla ya kukata chuma

Lawama zote zisielekezwe kwa mafundi. Wengi walijifunza kazi kwa kushika, kwenye injini zisizo na kompyuta, na wameyaweka malori ya nchi hii barabarani kwa miongo kadhaa. Lakini gari limebadilika, na chombo cha kwanza cha fundi wa tabo za kisasa kimekuwa mashine ya kusomea kompyuta, kabla ya spana. Wamiliki wadogo watano au kumi, au ushirika wa wakulima wenye magari yake, wanaweza kuchangia mashine moja na kumpeleka kijana mmoja VETA. Hilo ni nafuu kuliko kila mmoja kununua tabo yake.

Kwa mwenye lori anayeshawishiwa kufunga westigeti, yapo maswali machache ya kumuuliza fundi kabla ya grinda kuwashwa. Kompyuta imesomwa, na imesema nini? Mabawa yamefunguliwa na kuonekana, au yamekisiwa? Gari limeongezewa dizeli, na kama halijaongezewa, moshi huo wa ziada unatoka wapi? Springi itafunguka kwenye baa ngapi, na kompyuta inaomba ngapi? Breki ya egzosi itafanya kazi kama zamani? Moshi wenye joto la kuyeyusha plastiki utaelekezwa wapi, mbali na mipira ya breki na nyaya?

Kama jibu la swali lolote ni "tutaona", kazi isianze.

Wanaoamua kununua tabo nyingine waangalie namba iliyo kwenye kibati chake ilingane na ya zamani, watikise shafti kwa mkono, wautembeze mkono wa mabawa, na wadai risiti ya EFD. Tabo isiyo na risiti haina mwenyewe ikivunjika. Vilevile, mabadiliko makubwa ya injini na breki ni vyema yakaelezwa kwa kampuni ya bima mapema, kuliko kuja kubishaniwa baada ya ajali.

Westigeti ina mahali pake: kwenye injini iliyoongezewa dizeli kwa makusudi, kwa vipimo, na mwenye gari anayejua anachokiacha. Kwa Fuso au Canter ya kubeba matenga, sehemu kubwa ya tiba iko kwenye filta safi, oili sahihi, nozeli zilizopimwa na mabawa yasiyonata. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Kwa biashara ya mazao, ukuta huo hujengwa kwa fedha ya mkulima.